Kutoka Katika Umoja wa Biashara: Ni Nani Alipaye?



Katika mikutano ya matawi mwaka huu limekuwa likiulizwa swali moja, na waulizaji si watu wa kupuuzwa. Wao husema hivi: "Karafuu zetu huenda India, na Indonesia, na Singapore, na nchi za Ghuba. Hatujamwona Mganda wala Mkenya akija kununua magunia mia. Basi Jumuiya hii ya Afrika Mashariki yatufaa nini? Nchi ikitoka kesho, mwenye shamba la mikarafuu atapungukiwa na nini?"

Swali hili ni la haki, na tuliahidi kulijibu katika gazeti letu. Mwezi uliopita tulivuka kwenda Dar es Salaam kwa shughuli za Chama, tukapata fursa ya kulitazama kwa macho yetu wenyewe. Tulifikia Mwananyamala, kwa jamaa zetu waliohamia huko zamani, katika mtaa ulio karibu na hospitali. Wanachama waliowahi kufika huko wanaijua Mwananyamala: nyumba zimebanana, watu ni wengi, na kila baada ya milango mitatu pana duka. Wakazi wake wametoka kila upande wa nchi, na watu wa Unguja na Pemba ni miongoni mwao.

Jioni tulikaa katika baraza ya duka la kijana mmoja mtu wa Wete. Karafuu zetu zilikuwamo dukani mwake, zimefungwa katika vifuko vidogo vya kutia pilau. Sisi tuliozoea kuzihesabu kwa magunia tulicheka kidogo kuziona zikiuzwa kwa kijiko. Kisha tukamwomba atutajie bidhaa zake zatoka wapi. Sabuni ile ya Kenya. Mafuta yale ya kujipaka ya Kenya vile vile. Mchele wa Mbeya, na vitunguu vya Arusha, ambavyo alisema bei yake hupanda mara moja Wakenya wanapokuja kununua vingi. Akasema, "Mimi, wazee wangu, sijui siasa. Lakini mpaka wa Namanga ukikohoa, duka langu hupata homa."

Katika baraza ile alikuwapo mzee mmoja, umri wake umepita miaka sabini. Tulimwamkia, naye akaitikia, akasikiliza mazungumzo yetu kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Mwisho akasema, "Mnauliza nchi ikitoka katika Jumuiya huwaje? Mimi nilikuwamo ilipovunjika. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa katika shirika moja la Jumuiya ile ya kwanza. Tuliingia kazini mwezi wa Januari tuna kazi ya nchi tatu. Mwaka haukwisha, tukawa hatujui mwenye kutulipa ni nani."

Hapo tukaona kwamba jibu la swali letu tunalo mbele yetu. Yafaa tuianze habari hii tangu mwanzo, kwa faida ya vijana ambao hawakuwahi kuisoma.

Jumuiya ya kwanza

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ulitiwa sahihi mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais watatu, Nyerere, Kenyatta na Obote, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka ule ule. Lakini ushirika wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi. Kenya na Uganda zilianza kuwa na forodha moja mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka 1927. Sisi wa visiwani tulikuwa nje ya forodha hiyo, ijapokuwa mwaka 1936 tuliiacha rupia tukaingia katika shilingi ya Afrika Mashariki. Tuliingia katika mambo haya kwa ukamilifu baada ya Muungano wa mwaka 1964.

Jumuiya ile haikuwa soko peke yake. Ilikuwa na reli moja, bandari moja, posta na simu moja, na ndege za shirika moja. Makao ya reli na ya ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na Jumuiya yenyewe ilikuwa na makao yake Arusha. Karakana kuu za reli na za ndege zilikuwa Nairobi. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Ikavunjika kwa nini? Sababu ni nyingi. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, kwa hiyo bidhaa za Kenya zilijaa kwa wenzake, nao wenzake walikuwa na machache ya kumuuzia. Ulitiwa ushuru maalumu wa kuvilinda viwanda vichanga vya Tanzania na Uganda, na ikaanzishwa benki ya maendeleo, lakini malalamiko hayakwisha. Siasa za nchi zikaachana njia. Mwaka 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye, hata wakuu watatu wasikutane tena kama mkataba ulivyotaka. Nyumba isiyo na kikao cha wazee huanguka kwa jambo dogo. Mwezi wa Februari 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Mwezi huo huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika mwisho wa Juni hapakuwa na bajeti iliyopitishwa, na Jumuiya ikafa.

Hesabu iliyoletwa baadaye

Siku mpaka ulipofungwa, wako walioshangilia pande zote mbili. Kila mmoja alidhani amemkomoa mwenzake. Hesabu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kila mtu kwa namna yake.

Kwa Kenya, malori yake yaliyokuwa yakipita Tanzania kwenda kuuza Zambia yalikosa njia, na wenye viwanda wake wakapoteza wanunuzi wawili kwa mara moja, Mtanzania na Mzambia. Kwa Tanzania, watalii waliokuwa wakishukia Nairobi na kuja Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya Wakenya hawakuweza kuvuka. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulikuwa umekwisha kufunguliwa tangu mwaka 1971, lakini kuwa na uwanja ni jambo moja, na kuwageuza wageni waliozoea njia nyingine ni jambo jingine, nalo huchukua miaka.

Kisha yale mashirika. Kila nchi ilibidi kuanzisha yake upya: reli yake, bandari yake, posta yake, ndege zake. Kilichotosha kimoja kwa watu watatu, sasa kila mmoja alikuwa hana budi kununua chake. Nchi ambayo karakana kuu haikuwa kwake ilijikuta na mabehewa bila ya mahali pa kuyatengenezea sawasawa. Gharama hizi zililipwa na mlipa kodi, na mkulima ni mmoja wao.

Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, yaani karibu miaka saba. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Bwana Victor Umbricht, mtu wa Uswisi. Kenya ilihesabiwa sehemu 42 katika mia, Tanzania 32, na Uganda 26. Na katika mapatano hayo kila serikali ilichukua jukumu la kuwalipa wananchi wake waliofanya kazi katika Jumuiya.

Mzee wetu wa Mwananyamala alikuwa mmoja wa watu hao. Kama wanachama wengi wanavyokumbuka, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walidai haki zao miaka mingi. Mwaka 2003 walifungua kesi katika Mahakama Kuu, na mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano na Serikali. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka ishirini na minane. Mkarafuu uliopandwa mwaka Jumuiya ilipokufa ulikuwa umekwisha kuzaa misimu mingi kabla ya makubaliano kupatikana. Wengi katika waliodai walikuwa wamekwisha kufariki, wakabaki wajane na watoto kufuatilia karatasi. Mzee alituambia, "Waliokutana kuvunja na waliokutana kupatanisha, wote walikula na kulala vizuri. Mimi nilisomesha watoto kwa kuuza mkaa."

Sabuni na magendo

Tusiseme uongo kwa kutaka kukuza neno. Taabu za miaka ile hazikutokana na kuvunjika kwa Jumuiya peke yake. Palikuwa na bei ya mafuta iliyopanda mno, na ukame, na vita vya kumtoa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, na siasa za uchumi za nchi yenyewe. Lakini mwenye kuumwa maradhi matano humuumiza zaidi anayeliongeza la sita. Akina mama wa Mwananyamala waliokuwa wasichana wakati ule wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Na wanakumbuka vile vile kwamba sabuni ya Kenya haikukosekana kabisa. Ilikuwapo, ila ilipitia vichochoroni na porini, na bei yake ilikuwa ya mwenye kuivusha.

Hili ndilo jambo la pili la kushika. Ukifunga mlango wa halali, biashara haifi. Huhamia dirishani, na huko dirishani hakuna ushuru wa serikali, hakuna mizani ya haki, wala hakuna pa kushitaki ukidhulumiwa.

Sisi wakulima wa karafuu hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Twajua habari ya majahazi yaliyotoka Pemba usiku kwenda upande wa Kenya, katika miaka ambayo bei ya hapa ilikuwa chini kuliko ya ng'ambo. Waliofaidika hawakuwa wachumaji wala wenye mashamba madogo. Na mwaka 2011, bei anayolipwa mkulima ilipopandishwa sana na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, magendo yakapungua. Bei njema na njia iliyo wazi vilifanya kazi ambayo doria peke yake haikuiweza.

Mara ya pili: COMESA

Watu wengi hawajui kwamba Tanzania imekwisha kutoka katika umoja mwingine wa biashara, tena bila ya makelele. Umoja huo ni COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, uliorithi umoja wa upendeleo wa kibiashara ulioanzishwa Lusaka mwaka 1981. Tanzania ilitoa notisi mwaka 1999, ikatoka mwezi wa Septemba 2000.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi. Serikali ilitegemea sana ushuru wa forodha, na kuuondoa ushuru kwa nchi nyingi mara moja kungaliacha pengo katika hazina. Palikuwa na hofu juu ya viwanda vyetu vichanga. Tena nchi ilikuwa mwanachama wa SADC, na ada za kila umoja zilipaswa kulipwa. Hata hivyo wenye viwanda wenyewe, kwa kinywa cha Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, hawakufurahi, wakaona wanaondolewa sokoni.

Na angalieni wakati wenyewe. Tarehe 31 Oktoba 2000, mwezi uliofuata tu, nchi tisa za COMESA zilianza kuuziana bidhaa zao bila ya ushuru, na Kenya, Misri na Madagascar zilikuwa miongoni mwao. Tulikuwa kama mtu aliyepalilia shamba miaka mingi, akaliuza karafuu zikiwa zimekwisha kutoa vikonyo. Tangu hapo mkulima wa chai wa Kenya aliingiza chai yake Misri, nchi ya wanywaji wakubwa wa chai, kwa mlango wa ndugu. Mtanzania aligonga mlango wa wageni.

Lakini hapakutokea msiba kama wa 1977. Kwa nini? Kwa sababu nchi ilitoka katika nyumba moja hali ina nyumba nyingine. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umetiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Forodha ya pamoja ikaanza Januari 2005. Upande wa kusini, eneo huru la biashara la SADC likaanza mwaka 2008. Zambia, Malawi, Kenya na Uganda tukawafikia kwa njia hizo. Kilichopotea ni masoko yaliyobaki nje, nayo hasara yake haikuonekana kwa macho, maana hakuna ahesabuye mzigo ambao haukusafirishwa.

Ya wengine

Uingereza ilipiga kura kutoka katika Umoja wa Ulaya mwezi wa Juni 2016, ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Ilifanya mapatano mazuri, hata bidhaa nyingi zao haziliponzwi na ushuru. Hata hivyo mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akipeleka samaki au jibini Ufaransa kwa ankara moja, sasa alitakiwa hati za afya, hati za uasili wa bidhaa, na siku za kungoja. Ofisi ya Serikali yao inayokadiria bajeti imehesabu kwamba kwa muda mrefu uzalishaji wao utakuwa pungufu kwa kiasi cha sehemu 4 katika mia kuliko kama wangalibaki. Hata sisi jambo lile lilitugusa: Kenya ililazimika kufanya mkataba wake na Uingereza mwezi wa Desemba 2020 ili maua na chai yake visitozwe ushuru, nasi tukabaki katika upendeleo wapewao nchi zilizo maskini zaidi. Basi kutoka kwa mtu mmoja kuliwasumbua hata wasiokuwamo nyumbani mwake.

Huko Afrika Magharibi nako, Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi katika ECOWAS tarehe 29 Januari 2025. Nchi zote tatu hazina bahari, na mizigo yao hupita bandari za majirani waliowaacha.

Na faida ya kubaki?

Umoja nao una machungu yake, na hatutaki mwanachama yeyote adhani tumesahau. Mwenye viwanda vingi huuza zaidi. Ahadi huvunjwa. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Lakini litazameni lililofuata. Katazo lile liligeuzwa kuwa masharti ndani ya siku chache, na mwezi wa Mei Rais Samia alikwenda Nairobi, wakazungumza. Ugomvi wa mwaka 1977 ulifunga mpaka karibu miaka saba. Huu wa mwaka 2021 haukufika hata wiki mbili. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na meza ya kukalia na mkataba wa kuuonyesha kidole.

Sasa turudi kwa muulizaji wetu. Ni kweli kwamba karafuu yenyewe huuzwa mbali, na bei yake huamuliwa na mvua za Madagascar na viwanda vya sigara vya Indonesia zaidi kuliko na vikao vya Arusha. Lakini mkulima hali karafuu. Anauza karafuu ili anunue unga, sukari, sabuni, dawa, bati na madaftari ya watoto. Bidhaa ya Kenya ya shilingi 10,000 leo huingia bila ya ushuru. Nchi ikiwa nje, na ikaamua kuitoza kama itozwavyo bidhaa ya mgeni iliyokwisha kutengenezwa, sehemu 25 katika mia, itakuwa 12,500 kabla ya faida ya mwenye duka. Katika fungu la juu lililoanza Julai 2022, la sehemu 35 katika mia, itakuwa 13,500. Hapo bei ya karafuu haikushuka hata senti moja, lakini gunia la mkulima limepungua, kwa kuwa linanunua vichache.

Na mwenye mwana aliyefungua duka Mwananyamala, au anayepeleka machungwa na viungo Mombasa, ataipata hasara hiyo kwanza kabla yetu.

Shauri letu

Chama chetu si cha siasa, wala si kazi yetu kuwaambia wakubwa wabaki au watoke. Pengine siku moja itakuwa haki kutoka. Lakini mwanachama akiulizwa maoni yake, asiinue mkono kabla ya kuuliza mambo manne. Kwanza, tukitoka, ni nyumba gani nyingine tunayo? Pili, vitu tunavyotumia kwa shirika vitagawanywaje, na ni nani atakayelipa vipya? Tatu, watu walioajiriwa na waliowekeza haki zao humo watalipwa na nani, na lini, kwa maandishi? Nne, njia ya halali ikizibwa, ni nani atakayetajirika kwa ile ya magendo? Kama hakuna ajibuye manne haya, basi anayetuambia tutoke anataka kutumia fedha ambazo si zake.

Tunaomba kila tawi lisome makala hii katika mkutano ujao kabla ya msimu kuanza, na katibu wa tawi aandike maoni ya wanachama, hasa ya wale wanaofanya biashara na bara na Mombasa, atuletee. Tutayachapa, ya kukubali na ya kukataa.

Usiku ule, tulipoinuka kuaga, tulimwuliza mzee kama, baada ya yote yaliyompata, angependa Jumuiya hii mpya ivunjwe. Akatutazama kama watu wasiosikia. "Mimi nilitaabika kwa kuwa ilivunjwa," akasema, "wala si kwa kuwa ilijengwa." Kisha akamwambia kijana wa duka ampimie karafuu za kijiko kimoja, maana kesho yake alikuwa na wageni.